Kuhama Access na VB6 kwenda PostgreSQL: ORM, SQL ya mkono au ODBC?

Kabula_Kirumba aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya waliowahi kuhamisha mfumo wa zamani, hasa kuhusu namna programu mpya itakavyozungumza na kanzidata. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu majibu ya mkato nimeyasoma mengi na hayagusi hali yangu.

Nafanya kazi kwa mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza, ofisi iko jirani na mwalo wa Kirumba. Tajiri anawakopesha wenye mitumbwi nyavu, taa, mafuta na chakula cha kambini, nao wanamletea dagaa. Ana kambi Ukara, Kome na visiwa vingine vidogo. Hesabu zote ziko kwenye programu ya Visual Basic 6 (VB6) iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Data iko kwenye faili moja la Access, .mdb, ambalo limekaa kwenye kompyuta ya mhasibu na kompyuta nyingine zinalisoma kupitia mtandao wa ofisini. Aliyeiandika alishahama mji. Msimbo ninao wote na nimeusoma.

Kwa nini tunahama: faili la .mdb haliwezi kuzidi GB 2, na letu linazidi kusogea huko. Umeme ukikatika wakati karani anaandika, faili linaharibika na ofisi nzima inasimama hadi lirekebishwe. Microsoft iliacha kuhudumia zana ya kuandikia VB6 mwaka 2008. Programu zilizokwisha kutengenezwa bado zinafunguka kwenye Windows za leo, ila draiva ya Jet 4.0 inayosoma faili letu ni ya biti 32 tu, kwa hiyo kila kitu kipya tunachotaka kukiunganisha kinagoma. Tajiri amekubali kununua seva ndogo na UPS. Nimeshachagua kanzidata ya PostgreSQL na lugha ya C#, hapo sina swali. Swali langu ni kile kinachokaa katikati.

Programu ya sasa inafika kwenye data kwa njia mbili zilizochanganyika. Fomu nyingi zinafungua rekodiseti (orodha ya mistari inayopitiwa mmoja mmoja) ya DAO, maktaba ya zamani ya kusomea Access, kwa jedwali zima, zinatembea mpaka mstari unaotakiwa, zinabadilisha, zinahifadhi. Kwingine amri za SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, zinaundwa kwa kuunganisha maandishi. Hili la pili limetuumiza kwa namna ambayo watu wa huku Usukumani mtaielewa mara moja. Mvuvi anaitwa Ng'washi. Karani akiandika jina hilo na alama yake ya juu, SQL inakatikia hapo na fomu inatoa kosa. Makarani wakazoea kuandika "Ngwashi". Baadaye mtu mwingine, kwenye fomu isiyo na tatizo hilo, akaandika "Ng'washi". Sasa mtu mmoja ana akaunti mbili na madeni mawili, na wa namna hiyo si mmoja. Kina Ng'wandu na Ng'hwani wote wamo.

Kwa msiotoka kandoni mwa ziwa: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, na hapo ndipo hesabu zinafungwa. Kwa hiyo mfumo wetu hauhesabu kwa mwezi wa kalenda, unahesabu kwa giza. Kuna jedwali la magiza, kila giza lina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila kambi ina tarehe zake kwa kuwa kambi haziingii majini siku moja.

Moyo wa mfumo ni moduli ya malipo. Giza likiisha, kwa kila mtumbwi inajumlisha mapokezi ya dagaa mara bei ya siku ile, inatoa mafuta na chakula, inakata akiba ya matengenezo, inakata sehemu ya mkopo wa nyavu, na kinachobaki inakigawa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Imeandikwa kama rekodiseti ndani ya rekodiseti ndani ya rekodiseti. Inachukua muda mrefu, na watu wamekaa kibarazani wanasubiri kulipwa.

Njia ninazoziona ni hizi. Ya kwanza, kuacha VB6 kama ilivyo, kuhamishia majedwali PostgreSQL na kuyaunganisha kwa ODBC (kiunganishi cha kawaida kati ya programu na kanzidata), ili programu idhani bado inaongea na Access. Ya pili, kuandika upya kwa ORM iitwayo Entity Framework Core (EF), yaani majedwali yawe klasi za C# na SQL iandikwe na chombo chenyewe. Ya tatu, kuandika SQL kwa mkono na kutumia maktaba ya Dapper juu ya Npgsql (draiva ya PostgreSQL kwa C#) kwa kazi ya kujaza matokeo kwenye klasi tu.

Mimi naegemea ya tatu, kwa sababu nataka kuiona hesabu ya mvuvi kwa macho yangu. Lakini niko peke yangu, amri zitakuwa nyingi sana, na siku nikiondoka atakayekuja azikute zinasomeka.

Ombi moja: tafadhali msinijibu kwa kipi kinatumika zaidi siku hizi. Mvuvi analipwa kwa karatasi inayotoka kwenye mashine hii. Wengi hawaisomi mstari kwa mstari, wanatuamini. Sitaki mtu apunjwe hata shilingi kwa sababu nilichagua maktaba kwa sifa zake.

---

Kijana_wa_Bukoba alijibu:

Dada Kabula, pole na kazi, na hongera kwa kuusoma msimbo wote kabla ya kuuliza.

Mimi nakushauri Entity Framework Core, na sababu yangu kubwa ni hiyo uliyoitaja mwenyewe: uko peke yako. Ukibadilisha jina la safu kwenye klasi, programu haitajengeka mpaka urekebishe kila mahali inapotumika. SQL iliyoandikwa kama maandishi haikuambii kitu. Itakaa kimya mpaka karani abonyeze kitufe mbele ya mteja. Kwa mtu mmoja mwenye fomu nyingi, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Tatizo la Ng'washi linaisha lenyewe kwa sababu kila thamani inapelekwa kama parameta, yaani kando, haichanganywi na maandishi ya SQL. Mabadiliko ya majedwali yanaandikwa kwenye mafaili yanayokaa pamoja na msimbo, kwa hiyo atakayekuja anaona historia yote ya kanzidata ilivyokua.

Watu wengi wanaisema EF kwa mambo ya zamani. Kuanzia toleo la 7 la mwaka 2022 unaweza kubadilisha mistari mingi kwa amri moja bila kuivuta kwanza kwenye kumbukumbu. Cha kuangalia ni ule upakiaji wa kuchelewa: unasoma mitumbwi mia, halafu kwa kila mtumbwi chombo kinarudi kimyakimya kuuliza mapokezi yake, unajikuta umetuma amri mia na moja. Usiuwashe kabisa, na kwenye ripoti soma bila ufuatiliaji wa mabadiliko.

Moduli ya malipo nakubali ni kesi ngumu. Lakini usiandike mfumo mzima kwa mkono kwa sababu ya moduli moja.

---

Mzee_Igoma alijibu:

Binti yangu Kabula, nimehamisha mifumo ya umri huo kwa wachambuaji pamba na kwa maduka ya jumla, na nyingi zilikuwa VB6 na Access kama yako. Nitakueleza niliyoyaona, uchague.

Nianze na njia ya ODBC kwa sababu inavutia na tajiri ataipenda, inaonekana rahisi. Kabla hujaenda popote, tafuta neno `Seek`, amri ya DAO ya kurukia mstari kwa ufunguo, kwenye msimbo wako. `Seek` inafanya kazi kwenye rekodiseti ya aina ya jedwali tu, na jedwali lililounganishwa kwa ODBC haliwezi kufunguliwa kwa aina hiyo. Kila palipo na `Seek` patavunjika siku ya kwanza. Pili, kwa Access ndiyo ni -1, PostgreSQL ina true na false, kwa hiyo sharti lililoandikwa `= -1` litakusumbua. Tatu, PostgreSQL inatunza saa hadi sehemu moja ya milioni ya sekunde na Access haifiki huko. Access ikitaka kuhifadhi mstari inalinganisha thamani za zamani na zilizopo, saa hazilingani, inadai mtu mwingine amebadilisha. Weka safu hizo `timestamp(0)` na kwenye draiva ya psqlODBC washa utambuzi wa matoleo ya mistari. Na ukiwa na kazi ya Visual Basic kama `Format` ndani ya WHERE, Jet haiwezi kuipeleka kwa seva, kwa hiyo inavuta jedwali zima kupitia waya wa ofisi ili ichuje yenyewe. ODBC ni daraja zuri la kusomea ripoti za zamani wakati mnavuka. Kulifanya makazi sikushauri.

Sasa kati ya EF na Dapper. Kijana wa Bukoba amesema kweli kuhusu fomu. Mimi nakuuliza hivi: hesabu ya giza, mtu akija kuibishia, utamwonyesha nini? Mwenye mtumbwi akija na daftari lake, wewe na mhasibu mtakaa mezani na kitu kinachosomeka. Tazama:

```
SELECT m.mtumbwi_id, SUM(m.kilo * m.bei) AS jumla
FROM mapokezi m
JOIN magiza g ON g.kambi_id = m.kambi_id
  AND m.tarehe BETWEEN g.mwanzo AND g.mwisho
WHERE g.namba = @giza
GROUP BY m.mtumbwi_id;
```

Hiyo mhasibu wako ataielewa ukimweleza mara moja. EF Core inaweza kuifanya pia, lakini kuunganisha majedwali kwa kipindi cha tarehe badala ya kwa ufunguo kunataka kuzungukazunguka, na SQL itakayotoka huna hakika itakuwaje toleo lijalo.

Halafu kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko uchaguzi wa maktaba. Msimbo wa zamani ukitafuta giza la pokezi fulani, bila shaka unachukua giza la kwanza linalolingana na kuendelea. Ikitokea magiza mawili ya kambi moja yamepandana kwa siku moja, kwa sababu karani alifunga tarehe 14 na kufungua jipya tarehe hiyohiyo, msimbo wa zamani hauoni tatizo. Amri yangu hapo juu, ukiiendesha kwa magiza yote, italihesabu pokezi hilo mara mbili. Unaona? SQL iko sahihi, data ndiyo ina ufa ambao mzunguko wa zamani ulikuwa unauficha. EF itakupa matokeo yaleyale mabaya. Dawa iko kwenye kanzidata yenyewe:

```
CREATE EXTENSION btree_gist;
ALTER TABLE magiza ADD CONSTRAINT magiza_yasipandane
EXCLUDE USING gist (kambi_id WITH =,
  daterange(mwanzo, mwisho, '[]') WITH &&);
```

Ukijaribu kuiweka na data ya zamani itakataa, na katika kukataa kwake itakutajia giza lenye mgongano. Yatatue na mhasibu moja baada ya jingine kabla ya kitu kingine chochote.

La mwisho na zito: kukamilisha namba, yaani kuipeleka kwenye namba nzima iliyo karibu. Chukua kilo 37.5 kwa bei, tuseme, ya 4,300. Ni 161,250. Akiba ya asilimia 1 ni 1,612.5. `Round` ya VB6 nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, itakupa 1,612. `round` ya PostgreSQL kwenye aina ya numeric huipandisha, itakupa 1,613. `Math.Round` ya C# usipoiambia kitu hufuata mtindo wa VB6, inarudi 1,612. Kwa hiyo ukihamisha hesabu kutoka C# kwenda SQL, au kinyume chake, makato ya mvuvi yanabadilika bila wewe kugusa kanuni yoyote. Hapa ndipo ninaposema chagua mahali pamoja tu pa kukokotolea fedha, iwe SQL au C#, na pasiwe na pengine. Aina ya safu iwe `numeric`. Currency ya Access ina desimali nne, kwa hiyo `numeric(19,4)` inaibeba yote bila kupoteza. Usiguse `float`, aina ya namba za kukadiria, kwenye fedha wala kilo.

Ushauri wangu basi: malipo na ripoti zote kwa SQL ya mkono na Dapper. Fomu za kawaida, kama za kusajili mtumbwi au kubadilisha namba ya simu, zifanye kwa EF ukipenda. Vyote viwili vinaweza kutumia muunganisho mmoja na muamala mmoja ndani ya programu moja. Ila fomu zisiguse jedwali la malipo kabisa. Mpe mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na fomu ruhusa ya kusoma tu jedwali hilo, ili sharti lilindwe na PostgreSQL na si kumbukumbu ya mtu.

---

Funguo_Nyegezi alijibu:

Mzee amemaliza sehemu kubwa. Naongeza la visiwani tu.

Najua kinachofuata baada ya mfumo mpya: tajiri atataka karani wa Ukara aingize mapokezi akiwa kulekule. Usije ukafungua mlango 5432 wa PostgreSQL kwenye intaneti ili simu ziunganishwe moja kwa moja. Weka programu ndogo ya wavuti katikati, simu iongee nayo, nayo iongee na kanzidata. Ukiwa na sehemu moja ya msimbo inayogusa data, kama unavyopanga, hii ni kazi nyepesi. Ukiwa na SQL imetapakaa kwenye fomu, utaandika yote tena.

Na mtandao kule unapotea katikati ya kutuma. Karani anabonyeza, haoni jibu, anabonyeza tena. Kila pokezi lipewe namba ya kipekee ya UUID kwenye simu yenyewe, na kuingiza kuwe na `ON CONFLICT DO NOTHING`. Likija mara mbili, linaandikwa mara moja. Ndoo za dagaa hazitaongezeka kwa sababu ya mtandao mbovu. Weka safu hiyo tangu leo hata kama simu zitakuja baadaye, kwani kuiongeza jedwali likishajaa ni usumbufu.

---

Kabula_Kirumba alijibu:

Mzee, shikamoo. Nashukuru sana, na asanteni wote.

Nimetafuta `Seek` kama ulivyosema. Imo kwenye moduli ya malipo yote na kwenye stakabadhi, yaani palepale penye uzito. Njia ya ODBC nimeifuta, isipokuwa kwa ripoti chache za zamani ambazo mhasibu anazipenda. Zitasoma tu, hazitaandika.

Nimejaribu pia lile sharti la magiza yasipandane kwenye nakala ya data. Limekataa. Kuna kambi ambazo siku ya kufunga giza moja na siku ya kufungua jingine ni ileile, tena zimeandikwa hivyo miaka mingi, imekuwa desturi ya makarani. Mhasibu anasema dagaa wa siku hiyo walikuwa wakihesabiwa kwenye giza linalofungwa, kila mara. Kwa hiyo nitasogeza mwanzo wa giza linalofuata kwa siku moja, na yeye ataweka sahihi kwenye orodha ya yaliyosogezwa.

Kuhusu maktaba: nakwenda na Dapper peke yake, hata kwenye fomu. Kijana wa Bukoba, hoja yako ya programu kukataa kujengeka nimeifikiria sana kwa sababu ni ya kweli. Nitakachofanya ni kuziweka amri zote za SQL kwenye mradi mmoja, kila amri kwenye faili lake lenye jina la kazi inayofanya, kwa Kiswahili. Kila ninapojenga programu, jaribio linaandaa kanzidata tupu na kuzipitisha amri zote kwa `PREPARE`, inayokagua amri bila kuiendesha. Safu ikibadilishwa jina, amri iliyobaki nyuma inaonekana hapohapo na si mbele ya mvuvi. Kuwa na zana mbili kwa mtu mmoja naona ni mzigo, na atakayekuja baada yangu kusoma SQL atajua, EF huenda asiijue.

Kina Ng'washi nitawaunganisha kwa mkono pamoja na makarani, si kwa programu. Programu inaweza kuona majina yanafanana, lakini "Ngwashi" na "Ng'washi" wa kambi mbili tofauti wanaweza kuwa watu wawili kweli, na kumbebesha mtu deni la mwenzake ni dhambi kubwa kuliko kuchelewa. Kila jozi wataitwa, wataulizwa. Jina litaandikwa kama mwenyewe anavyolitamka, na alama yake ya juu.

Imebaki ile ya kukamilisha namba, na hapa naomba msaada tena. Nimekuta jambo baya zaidi ya ulilolieleza. Moduli ya malipo inakata akiba kwa `Round` na kuiandika kwenye jedwali. Lakini stakabadhi haisomi jedwali, inakokotoa upya na kuchapa kwa `Format`. `Format` ya VB6 inapandisha nusu. Kwa hiyo kwenye mfano wako, jedwali lina 1,612 na karatasi aliyopewa mvuvi ina 1,613. Taslimu haionekani kwa sababu malipo ya mkononi yanaishia kwenye hamsini au mia. Ila salio la akiba linabeba shilingi hizo giza hadi giza, na mvuvi akijumlisha karatasi zake hatapata salio letu. Nifuate jedwali au nifuate karatasi?

---

Mzee_Igoma alijibu:

Marahaba binti.

Magiza yaliyofungwa usiyakokotoe tena. Hamisha kiasi kama kilivyo kwenye jedwali, na ongeza safu ya pili yenye kiasi kilichochapwa kwenye stakabadhi, ambacho unaweza kukipata kwa kuiga `Format`. Sasa tofauti inaonekana kwa kila mtu badala ya kufichwa kati ya moduli mbili. Jumlisha tofauti hizo kwa kila mwenye mtumbwi na umpelekee tajiri. Mimi ningemshauri aongeze akiba zao zifikie karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo waliyopewa mkononi na ndiyo ahadi. Kwa mtu mmoja ni fedha ndogo, tajiri hataumia.

Kwa magiza mapya, kanuni ni moja na inakaa kwenye SQL ya malipo tu. Makato yashushwe: `trunc(kiasi)` badala ya `round(kiasi)`. Nusu shilingi ibaki kwa mvuvi. Matokeo yaandikwe kwenye jedwali, na stakabadhi isome jedwali. Ndani ya msimbo wa kuchapa kusiwe na alama ya kuzidisha hata moja. Hilo unaweza kulikagua kwa macho.

Kulinganisha: endesha mfumo mpya juu ya magiza ya zamani kwa kanuni ya zamani kwanza, yaani kwa kukamilisha kwa namba shufwa, na ulinganishe mtumbwi kwa mtumbwi na kile kilicho kwenye jedwali. PostgreSQL haina kazi hiyo kwa numeric, kwa hiyo uiandike mwenyewe kama kazi ndogo ya SQL, ya kulinganishia tu. Tofauti zote zikishapata maelezo, ndipo ubadilishe kuwa `trunc`. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua tofauti imetoka kwenye kanuni mpya au kwenye kosa.

Baada ya kuingiza data, sogeza hesabu za namba zinazojiongeza kwa `setval` kwa kila jedwali, la sivyo pokezi la kwanza jipya litagongana na la zamani. Na majina: Access haitofautishi herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inatofautisha. Karani akitafuta "ukara" hataiona "Ukara". Weka faharasa ya `lower(jina)` na amri za utafutaji zitumie hiyohiyo.

---

Kabula_Kirumba alijibu:

Nimezungumza na tajiri leo. Makato kushushwa amekubali papo hapo, na akiba za nyuma atazifikisha kwenye kiasi cha karatasi baada ya mhasibu kuona jumla. Wenye mitumbwi watatangaziwa mwaloni kabla ya giza la kwanza la mfumo mpya.

Tutahama wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na hakuna mapokezi ya dagaa yanayoingia. VB6 itabaki imefungwa kwa kuandika, inafunguka kwa kusoma tu. Giza litakalofuata litaandikwa kwenye PostgreSQL peke yake, na karani mmoja wa kila kambi atakuwa na daftari la mkononi kama zamani mpaka hesabu ya giza hilo ifungwe na kulinganishwa.

Kijana wa Bukoba, nikimaliza jaribio la `PREPARE` nitaliweka hapa pamoja na ile kazi ya kukamilisha kwa namba shufwa. Mwenye .mdb ya aina hii na fedha za watu ndani yake avichukue avitumie.